Je, Wajua? Timu Zilizozaliwa Shuleni na Kuta Zilizozishuhudia

Barabara ya Taifa namba 3 inapita Mubi, katika eneo la Walikale mashariki mwa Kongo, na kijana wa hapo aliyekwisha kupata diploma ya serikali lazima aichagulie upande. Akishika njia ya Hombo na Bunyakiri atatokea Bukavu. Akipita Walikale na Lubutu atafika Kisangani. Akitaka Goma, atajaribu njia ya Masisi ikiwa inapitika; hapo awali angeweza pia kutafuta nafasi kwenye ndege ndogo pale Kilambo, ambako kwa miaka mingi ndege zilikuwa zikitua juu ya lami ya barabara yenyewe kubeba kasiteriti, madini ya bati, ya machimbo ya Bisie. Walikale peke yake ina zaidi ya kilomita za mraba 23,000, inakaribia Rwanda nzima, kwa hiyo safari ya masomo hapa si ya kutoka nyumba hii kwenda ile.

Huko aendako atakuta kabumbu imemtangulia. Katika Kongo, mpira na darasa vilikulia kwenye ua mmoja, mara nyingi mikononi mwa mapadri walewale. Haya ni baadhi ya mambo ambayo wanafunzi hupita mbele yake kila siku bila kuambiwa.

Je, wajua kwamba TP Mazembe ilikuwa timu ya shule?

Mwaka 1939, watawa Wabenedikto waliokuwa wakiongoza Institut Saint-Boniface mjini Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, walikuwa na vijana ambao hawakukusudia kuwa mapadri na ambao walihitaji kazi ya kufanya baada ya masomo. Wakawaundia kikosi cha skauti, kisha timu ya mpira. Timu ikapewa jina la Saint-Georges, mtakatifu msimamizi wa maskauti. Ikaingizwa moja kwa moja katika daraja la kwanza la mashindano ya Waafrika wa mji huo, na msimu wake wa kwanza ikamaliza ya tatu. Si haba kwa watoto wa shule.

Mwaka 1944 jina likawa Saint-Paul. Baadaye wakaanza kuingia wachezaji kutoka nje, na watawa, ambao hawakuianzisha kwa ajili hiyo, wakajitoa katika uongozi. Timu ikapata mfadhili na ikachukua jina lake: Englebert, chapa ya matairi. Kutoka kwa mtakatifu hadi kwa gurudumu la gari ndani ya miaka michache! Ilipochukua ubingwa mwaka 1966 bila kufungwa hata mechi moja, wakaiongezea sifa ya Tout Puissant, yaani Mwenye Nguvu Zote, jina ambalo sidhani watawa wale wangelikubali kirahisi.

Mwaka 1967 Englebert ilitwaa Kombe la Klabu Bingwa Afrika kwa njia ya ajabu. Fainali dhidi ya Asante Kotoko ya Ghana iliisha sare nyumbani na ugenini, ikaamuliwa ichezwe mechi ya tatu, na Kotoko hawakutokea. Mwaka uliofuata Englebert ikalichukua tena, safari hii uwanjani. Ikacheza fainali ya 1969 ikashindwa na Ismaily ya Misri, ikacheza ya 1970 ikashindwa na Kotoko walewale, ambao bila shaka walikuwa na deni la kulipa. Fainali nne mfululizo. Jina la Mazembe lilikuja baadaye, enzi ya Mobutu, majina ya Kizungu yalipokuwa yakifutwa nchi nzima.

Mtu anaweza kusema hiyo ni historia ya klabu, shule inaingiaje? Inaingia hapa: siku ile watawa walipoondoka ndiyo siku timu ilipoanza kukua. Timu ya shule ina mlango mmoja, wa kuingilia wanafunzi; mwanafunzi akimaliza masomo, winga amekwenda. Mazembe iliuvunja mlango huo mapema, na jambo hilo litatusaidia kuelewa mengine huko mbele.

Desemba 2010 timu hiyohiyo iliifunga Internacional ya Brazili 2-0 huko Abu Dhabi na kuwa ya kwanza kutoka nje ya Ulaya na Amerika Kusini kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Inter Milan wakaishinda 3-0. Watu wengi wanakumbuka zaidi namna kipa Robert Kidiaba alivyokuwa akishangilia, ameketi chini na kurukaruka kwa makalio kuzunguka eneo lake. Mwaka uliofuata uwanja wao mpya wa Kamalondo ulifunguliwa, na akaja kijana kutoka Simba ya Dar es Salaam, Mbwana Samatta. Mazembe ilipochukua ubingwa wa Afrika mwaka 2015, Samatta alikuwa miongoni mwa walioongoza kwa mabao katika mashindano yale, na akatangazwa mchezaji bora wa mwaka kati ya wale wanaocheza ndani ya Afrika. Mtanzania alipanda juu namna ile kwa kupitia klabu ya maskauti wa Elisabethville.

Je, wajua kwamba padri mmoja wa shule ndiye aliyeacha jina kwenye uwanja wa Ali na Foreman?

Raphaël de la Kethulle, mmisionari wa Scheut kutoka Ubelgiji, alifika Kinshasa miaka ya 1910 akafundisha, akajenga shule, na kila alipojenga shule alitaka na kiwanja. Mwaka 1936 alianzisha Daring, ambayo leo ni Motema Pembe. Watu walimwita Tata Raphaël, na tata ni baba. Uwanja mkubwa uliozinduliwa mwaka 1952 ulipewa jina la Mfalme Baudouin, ukaja kuitwa Mei 20 wakati wa Mobutu, na sasa unaitwa Tata Raphaël. Usiku wa tarehe 30 Oktoba 1974 Muhammad Ali alimwangusha George Foreman hapo, katika raundi ya nane.

Lakini kabla ya ngumi hizo, uwanja huo ulishakuwa na siku yake nyingine. Tarehe 4 Januari 1959 wakoloni walizuia mkutano wa chama cha siasa cha Abako. Jioni ileile maelfu ya mashabiki walikuwa wakitoka kutazama mpira, wakakutana barabarani na umati wenye hasira, na Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, ikawaka moto. Mwaka mmoja na nusu baadaye Kongo ilikuwa huru. Kila tarehe 4 Januari ofisi zinapofungwa, tunaadhimisha pia mashabiki wa kabumbu waliokuwa njiani kurudi nyumbani.

Sasa tupande mlima.

Chuo cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954 juu ya Mont Amba, nje ya Léopoldville ya wakati ule, na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Leuven ndicho kilichokuwa mzazi wake. Watu wa Kinshasa bado wanauita mlima ule kilima chenye uvuvio. Weusi na weupe walisoma pamoja pale, jambo ambalo mjini chini lilikuwa bado ni ndoto. Mkuu wa chuo, Monsinyori Luc Gillon, alikuwa padri na mwanafizikia wa nyuklia, na kwa mtu wa aina hiyo kanisa na maktaba havikutosha. Mwaka 1959 kinu cha kwanza cha nyuklia katika Afrika kiliwashwa hapo chuoni: TRICO, kinu kidogo cha utafiti. Urani ya Shinkolobwe, Katanga, ilikwisha kutumika kutengeneza bomu la Hiroshima. Kupewa kinu cha wanafunzi ilikuwa kama kurudishiwa chenji ya noti kubwa.

Kinu cha pili, chenye nguvu zaidi, kilianza kazi mwaka 1972. Yaliyofuata yanafaa kuwa filamu. Fito mbili za mafuta ya nyuklia ziliibwa chuoni miaka ya 1970. Mwaka 1998 polisi wa Italia walikamata ufito mmoja mikononi mwa watu wa mafia waliokuwa wakitafuta mnunuzi. Wa pili haujaonekana hadi leo. Kinu chenyewe kilizimwa mwaka 2004, huku mmomonyoko wa udongo ukiula mlima pande zake. Mwanafunzi anayekatiza kampasi na mpira kwapani anapita karibu na jengo la kinu hicho kana kwamba ni stoo ya viti.

Jina la Lovanium lenyewe lilikufa mwaka 1971. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi waliandamana kudai malipo yao ya masomo, askari wakapiga risasi, makumi wakafa. Miaka miwili baadaye wenzao walipotaka kuwakumbuka, serikali ilikifunga chuo na kuwaingiza wanafunzi jeshini kwa nguvu. Kisha vyuo vitatu vya nchi vikaunganishwa kuwa kimoja, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, na vitivo vikagawanywa kati ya miji: anayetaka lugha na sayansi za jamii aende Lubumbashi, anayetaka elimu na saikolojia aende Kisangani, udaktari na sheria vibaki Kinshasa. Mwaka 1981 wakavitenganisha tena. Wazee wengi waliosoma enzi hizo wana marafiki nchi nzima kwa sababu tu serikali iliwatawanya.

Je, wajua kwamba chuo cha Kisangani kilipata mwaka mmoja tu wa utulivu?

Waprotestanti walikianzisha mwaka 1963 kwa jina la Chuo Kikuu Huru cha Kongo. Agosti 1964 waasi waliojiita Simba waliuteka mji huo, ulioitwa bado Stanleyville, na masomo yakakatika. Leo ni chuo kikuu cha serikali, na barabara yetu ya Mubi inakifikia moja kwa moja, bila kuvuka ziwa wala kupanda ndege.

Kisangani una pia Uwanja wa Lumumba, na hapo pana kisa ambacho kinanifurahisha kuliko vyote. Patrice Lumumba hakusoma chuo kikuu. Alikuwa karani wa posta Stanleyville. Hata angetaka, angekwenda wapi? Mkongo wa kwanza asiye padri kupata digrii, Thomas Kanza, aliipata Leuven mwaka 1956, na siku ya uhuru waliokuwa nazo nchi nzima hawakufika 30. Hata hivyo jina la karani huyo limejaa vyuoni. Moscow, Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa kilipewa jina lake mwaka 1961, kikaliondoa mwaka 1992, kikalirudisha mwaka 2023. Dar es Salaam, chuo kikuu kilianza Oktoba 1961 kwa kitivo kimoja cha sheria ndani ya jengo la TANU, katika mtaa ambao leo ni Mtaa wa Lumumba. Kilihamia Mlimani mwaka 1964. Na Kampala, Makerere ina bweni la wavulana liitwalo Lumumba Hall. Wakaaji wake hujiita Walumumba, na tangu zamani wana undugu na mabinti wa Mary Stuart Hall. Pande hizo mbili zikiungana, iwe kwa ngoma au kwa kushangilia mechi za mabweni, huitwa Lumbox. Mary Stuart alikuwa mke wa askofu wa Kianglikana. Sijui mama huyo wa kanisani angesemaje kuhusu kelele zinazopigwa kwa jina lake siku ya mpira.

Makerere ina bweni jingine lenye kisa kizito. Martin Luther Nsibirwa, Katikiro, yaani waziri mkuu, wa Buganda, alikubali ardhi ichukuliwe ili chuo kipanuke. Watu wengi wa Buganda walichukia. Tarehe 5 Septemba 1945, akielekea ibadani katika Kanisa Kuu la Namirembe, alipigwa risasi akafa. Bweni la Nsibirwa limesimama juu ya kilima cha Makerere, na vijana wake wakishinda mechi huimba usiku kucha.

Jengo Kuu la Makerere, lile jeupe lenye mnara wa saa ambalo kila mhitimu hupigia picha, lilifunguliwa mwaka 1941, wakati chuo kilichoanza mwaka 1922 na wanafunzi 14 wa useremala, ujenzi na ufundi mitambo kilikuwa kimeshakuwa na sifa kote Afrika Mashariki. Nyerere alisoma hapo miaka ya 1940, na Benjamin Mkapa, ambaye jina lake limo kwenye uwanja mkubwa wa Dar es Salaam, alimfuata miaka ya 1950. Usiku wa tarehe 20 Septemba 2020 moto uliingia darini ukalimaliza jengo, zikabaki kuta. Lilijengwa upya kwa sura ileile na likafunguliwa tena mwaka 2024.

Je, wajua kwamba jengo la chuo lilishawahi kutiwa mfukoni na kila Mtanzania? Noti ya shilingi 500 yenye picha ya Karume, rais wa kwanza wa Zanzibar, ilikuwa na Ukumbi wa Nkrumah wa Mlimani upande wa nyuma. Kisha ikaja sarafu ya 500, na nyuma yake akawekwa nyati.

Karibu na kwetu, kuta ni za jiwe jeusi. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilifunguka ubavuni, lava ikakatiza katikati ya Goma hadi Ziwa Kivu, ikala kanisa kuu na sehemu ya uwanja wa ndege. Watu hawakungoja ipoe vizuri. Walichukua nyundo, wakapasua mawe, wakajengea. Mji ambao una chuo cha Waprotestanti cha ULPGL tangu mwaka 1985 ulianza kujijenga kwa kitu kilekile kilichoubomoa. Mtoto wa Goma anayecheza pekupeku juu ya lava hana haja ya kufundishwa kutuliza mpira: ukimtoka, kidole gumba ndicho kinacholipa. Klabu za Virunga, Dauphin Noir na Kabasha zote zimelelewa na mji huo wa mawe.

Sasa linganisha na Meksiko. Chuo kikuu cha taifa, UNAM, kilijenga kampasi yake mpya juu ya uwanda wa lava ya kale kusini mwa jiji la Mexico. Uwanja wake wa mpira, uliofunguliwa mwaka 1952, umevikwa mawe ya volkano, na upande wa mbele una picha kubwa iliyoundwa kwa mawe na mchoraji Diego Rivera. Michezo ya Olimpiki ya 1968 ilifunguliwa hapo. Mwaka 2007 UNESCO iliiandika sehemu ya kati ya kampasi, pamoja na uwanja, kwenye orodha ya urithi wa dunia. Timu ya chuo, Pumas, ni ya kulipwa na inacheza ligi kuu. Hakuna mtu anayeuliza kama beki wao wa kushoto ameshafanya mtihani.

Na hapo narudi kwenye ule mlango wa Saint-Boniface. Mpira wenyewe una deni kwa vyuo: mwaka 1848 wanafunzi wa Cambridge, ambao kila mmoja alitoka na sheria za shule yake, walikaa wakaandika kanuni za pamoja ili waweze kucheza bila kugombana. Mwaka 1874 timu ya Chuo Kikuu cha Oxford ilichukua Kombe la FA kwa kuwafunga wanajeshi wa Royal Engineers 2-0, na ndani ya miaka michache ilicheza fainali nne. Baada ya 1880 haikuonekana tena fainali. Ilibaki ya wanafunzi, wakati wafanyakazi wa viwanda vya kaskazini walikuwa wameanza kulipwa kwa kucheza. Vyuo vyetu vya Kongo vimeshika njia ya Oxford. Kuna mechi za vitivo, kuna vikombe vya kampasi, kuna kelele za haki kabisa kati ya sheria na udaktari, ila hakuna chuo kikuu cha Kongo kilichopeleka timu yake kuchukua kombe la Afrika. Mwanafunzi mwenye kipaji huchukuliwa na klabu ya mjini, na kuanzia hapo mwalimu humsikia redioni. Sioni ubaya wowote. Chuo kina kazi nyingine, na timu ikitaka mataji lazima itafute fedha, na fedha zikija zinakuja na mwenyewe.

Afrika Kusini ndiko walikojaribu njia zote mbili kwa pamoja. Timu ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, ilianzishwa mwaka 1921 chuoni hapo, na mashabiki waliipa jina la Vijana Werevu. Ilibaki kwenye kampasi hata ilipopata mfadhili mkubwa na kuitwa Bidvest Wits. Iliwahi kuifunga Kaizer Chiefs katika fainali ya kombe mwaka 1978, na msimu wa 2016/17 ikachukua ubingwa wa ligi kwa mara ya kwanza katika historia yake. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2020, nafasi yake kwenye ligi ikauzwa kwa klabu ya Tshakhuma ya Limpopo, na Wits ikafutika. Ilikuwa imebakiza mwaka mmoja itimize miaka 100.